Mdomo Wangu Umenihamisha Mbotela

Kama hukunisoma wiki iliyopita, usijilaumu. Hata mimi nisingependa kujisoma.

Kwa ufupi tu. Niliamka asubuhi nikakuta cherehani ya mke wangu haipo. Nikapiga mayowe ya mwizi. Watu wa mtaa wetu wa Mbotela wakajaa mlangoni kwangu na rungu na mawe, wengine hata viatu hawakuvaa. Ndipo mjane mmoja wa ng'ambo ya barabara akajipenyeza mbele, akaniambia kwa upole kwamba cherehani iko kwake. Nilimpa mimi mwenyewe kwenye matanga ya mumewe, tena kwa hotuba iliyoliza watu.

Hotuba sikuikumbuka. Matanga yenyewe sikuyakumbuka.

Mke wangu, Rispa, alikunja nguo zake akaenda kwa dada yake. Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikieni yaliyofuata, na mkicheka, chekeni polepole. Mwenye hadithi bado anauguza kidonda.

Kwanza mnijue vizuri. Jina langu Sylvance Okoth, karani katika stoo ya magodoro ya tajiri mmoja anayeitwa Hirad. Nikinywa siyumbi. Siimbi, sitapiki, sitafuti ugomvi. Nanyooka kama mlingoti, Kiswahili changu kinakuwa safi, na watu wanasogeza viti wanisikilize. Kwa miaka mingi nimejisifu kwa hilo. "Mimi pombe hainipati," ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Kumbe ilikuwa inanipata. Ilikuwa tu inaingilia mlango wa nyuma.

Siku chache baada ya Rispa kuondoka, shemeji yangu Akech alinijia nyumbani. Akech ni mjane wa marehemu kaka yangu. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule yangu yenye vumbi, mikono kiunoni.

"Shemeji, wageni wanakuja Jumamosi kumposa Elsie."

Elsie ni bintiye, mtoto wa kaka yangu. Nilimbeba akiwa hajui kutembea.

"Vizuri sana," nikasema.

"Si vizuri. Mwanamume wa kusimama kusema kwa niaba yetu umebaki wewe tu. Ningekuwa na mwingine, nisingekuja hapa."

"Shemeji, unaniumiza."

"Usiguse pombe siku hiyo. Usinuse hata kizibo."

"Hata kizibo," nikaapa.

"Rispa pia atakuwepo," akasema, akaenda zake.

Hilo la mwisho ndilo lililonikamata. Nikajiona nimesimama mbele ya wakwe na suti yangu ya kijivu, naongea kwa busara, na Rispa kule nyuma kati ya akina mama akijiuliza kwa nini alimwacha mwanamume wa namna ile.

Jumamosi hiyo Akech akanituma soko la Burma kuchukua nyama ya wageni. Ilikuwa kazi ya kwenda na kurudi. Ningeichukua nyama, ningerudi, ningewapokea wageni, hadithi ingeishia hapo nanyi mngesoma habari za mpira.

Lakini kwenye baa ya kando ya bucha niliwakuta wenzangu watatu. Alikuwepo Maina, dereva wa stoo yetu. Alikuwepo Oketch, fundi wa mabomba pale mtaani. Na alikuwepo Kavutha, karani mwenzangu, mwanamke mwembamba ambaye ukimpa mwavuli kwenye upepo unamwogopea.

"Niaje buda!" Maina akanisalimu. "Na suti! Nani amekufa?"

"Leo namwoza Elsie."

Maina alikuwa kwenye chupa ya pili, na Maina huwa ni mtu wa machozi. Ya kwanza humfanya acheke, ya pili humkumbusha mama yake. Akanikumbatia, shati langu likalowa begani.

Oketch naye ana yake. Akionja tu anaanza kutafuta ni nani aliyemkanyaga. Tayari alikuwa anamkodolea macho mtu wa meza ya pili ambaye kosa lake lilikuwa kuvaa kofia.

Kavutha alikuwa amekula. Mbele yake kulikuwa na mifupa, ugali nusu, glasi ya maji, na bia moja aliyokuwa akiionja kama dawa. Nilicheka.

"Kavutha, hiyo bia unakunywa ama unailea?"

"Nailea," akasema. "Wewe umekula?"

"Naweka nafasi ya kuku wa wageni."

"Basi chukua nyama yako uende. Tumbo tupu si la kuchezea."

"Mtu wa kilo zako akiogopa pombe ni haki yake. Mimi nina mwili."

"Mwili mkubwa unasaidia kidogo, Okoth. Kidogo tu. Hii kitu mwili unaitoa kwa mwendo wake wenyewe. Hausikii kahawa, hausikii kujimwagia maji baridi. Ukiongeza nyingine kabla ya ile ya kwanza kuondoka, zinapanga foleni ndani."

"Daktari Kavutha!" nikawaambia wenzangu. Oketch akacheka, halafu akaniuliza kwa nini namcheka.

Kavutha hakukasirika. Alisogeza glasi yake ya maji, akaniangalia.

"Hawa wengine siwaogopi. Maina akilewa tunaona, tunamnyang'anya ufunguo wa gari. Oketch akilewa tunajua, tunamhamisha meza. Wewe unakaa hapo kama askofu. Nani atakuzuia?"

Wasomaji, lile lilikuwa onyo. Mtu mwenye akili angelishika kwa mikono miwili. Mimi nilisikia neno moja tu: askofu.

Nikaagiza moja, ya kutuliza moyo. Ilikuwa baridi, nikaimaliza haraka isije ikapata moto. Halafu nikaona haya kukaa na chupa tupu mbele za watu, nikaagiza nyingine. Maina akaanza kulia kwamba Elsie ni kama dada yake mdogo, na machozi ya namna hiyo huwezi kuyapokea ukiwa mkavu, kwa hiyo ikaja toti ya wiski. Toti haiji peke yake, kila mtu anajua. Kavutha alikuwa bado kwenye bia yake ile ile.

"Okoth, kunywa maji," nilimsikia akisema.

"Maji nitaoga," nikajibu. Watu wakacheka. Nilijiona mchekeshaji mkubwa.

Nakumbuka nikichukua mfuko wa nyama. Nakumbuka nikitafuna chingamu. Nakumbuka mlango wa Akech ukifunguliwa, na akina mama wakiimba ndani.

Halafu ikawa Jumapili.

Hakukuwa na kitu katikati. Nilifumbua macho kitandani kwangu, suti yangu imetundikwa vizuri ukutani, viatu vimepangwa. Jikoni mtu alikuwa anakaanga chapati, tena anaimba.

Niliijua ile sauti.

"Baba Amolo, chai iko tayari," Rispa akaita.

Amolo ni binti yetu, yuko shule ya bweni. Tangu mambo ya cherehani Rispa hakuwa ameniita hivyo. Hata aliponitaja, aliniita "huyu".

Nikaketi mezani. Akanimiminia chai, akaniwekea chapati mbili za moto, akanigusa bega akipita.

"Jana umenishangaza," akasema.

Nikatafuna polepole. Sikuwa na habari nimemshangaza kwa lipi.

"Ehe," nikasema kwa makini. "Ni pale wapi hasa palipokugusa?"

"Pale ulipoinua mkono."

"Aa. Pale."

"Nami pale ulipoapa kwamba pombe basi, mbele ya watu wote, nilishindwa kujizuia."

Chapati ikakwama kooni. Nikaisukuma na chai.

"Na ile simu!" akaongeza. "Nani angedhani una moyo wa kumwambia Hirad vile."

"Simu," nikasema.

"Na ile spika yako, kila mtu alisikia."

Nikaenda chooni na simu yangu. Kweli, jana alasiri nilimpigia Hirad. Tuliongea muda mrefu kuliko tulivyowahi kuongea tangu aniajiri. Chini yake kulikuwa na ujumbe kutoka kwa Maina: "Buda umeongea ukweli wa watu wote lakini sasa nani ataniandikia karatasi za delivery. Nalia."

Nilipotoka chooni ndipo nilipoona vizuri nyumba yangu. Saa ya ukutani haikuwa ukutani. Masufuria yalikuwa yamefungwa kwa shuka. Godoro la wageni lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba.

Kabla sijauliza, hodi ikapigwa. Akaingia mama mmoja mnene mwenye furaha, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Alikuwa Khavere, shangazi wa kijana anayemwoa Elsie, ndiye aliyekuja kusema kwa upande wao. Nyuma yake alikuwepo kijana mwenyewe, na Elsie, macho chini, anatabasamu.

"Mkwe wetu!" Khavere akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hatukusumbui. Tunapima mapazia tu."

"Mapazia ya wapi?"

Akacheka kana kwamba nimemtania. "Ya hapa. Mkwe, nimekwenda posa nyingi maishani. Nimeona wazee wakiropoka, nimeona wakipigana. Sijaona mtu mtulivu kama wewe jana. Ulisimama ukasema, 'Vijana hawa wasianze maisha kwa kuhangaika. Nyumba yangu ya Mbotela ni yao. Mimi na mama Amolo tunarudi kwetu Ugenya kulima.' Mume wangu alitoa leso."

Nikaketi kwenye godoro lililofungwa kamba.

Ninyi mnaokaa mitaa hii mnajua nyumba kama yangu ni nini. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, akaipata akiwa kijana, tukazaliwa humo. Watu wanangoja nyumba hizi hadi meno yanawatoka. Mimi nilikuwa nimeigawa kama peremende, pamoja na kazi yangu, na bia yangu, alasiri moja, nikiwa nimesimama wima.

Kulikuwa na njia moja tu. Nikajikaza nikasimama.

"Mama Khavere," nikasema, "kuna jambo. Jana... jana sikuwa mwenyewe."

Utepe ukasimama kwenye dirisha.

"Hukuwa mwenyewe vipi?"

"Yaani yale maneno. Si yote ya kuchukua jinsi yalivyo."

Khavere akageuka polepole. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Jana wewe ndiye uliyetukubalia binti," akasema. "Ulimshika Elsie mkono ukamweka kwa mtoto wetu. Akina mama wakapiga vigelegele. Na hilo pia si la kuchukua jinsi lilivyo? Watu wangu walikuja kuongea na mzee ama na chupa?"

Elsie aliniangalia. Si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba siku yake haiwezi kupita salama mikononi mwangu, na sasa anangoja tu imalizike.

"Baba mdogo?" akaniita.

"Nilikuwa nimezidiwa na furaha," nikasema haraka. "Ndiyo maana yake. Furaha. Endeleeni kupima."

Khavere akaendelea kupima, lakini sasa alipima kimya, na kila baada ya muda alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho.

Nikamshika Rispa mkono, nikamvuta chumbani, nikafunga mlango. Niliamua kumwambia yeye ukweli, halafu tutafute pamoja pa kutokea. Niliona huo ni ushujaa mkubwa.

"Rispa, nilikuwa nimekunywa."

"Najua," akasema. Alikuwa anakunja blanketi.

"Unajua? Tangu lini?"

"Ulipoingia tu. Ulimpokea mama Khavere mkoba, ukamuuliza hali ya safari, ukamsubiri akae ndipo ukakaa. Miaka yote tuliyooana, ukiwa na akili zako hujawahi kuwa na adabu hivyo."

"Na hukunizuia!"

"Ningekuzuiaje? Wageni wameketi, Akech anatetemeka, hakuna mwingine wa kusema. Nilichukua kiti nikakaa nyuma yako. Ulipokwama, nikakunong'oneza."

Nikaegemea ukuta.

"Nyumba?"

"Mimi."

"Ugenya?"

"Mimi."

"Kuacha pombe?"

"Hapo nilidhani utashtuka. Ukasema kwa sauti kuliko nilivyokuambia."

"Na Hirad? Ukanitukanisha kwa tajiri wangu?"

"La, hilo lilikuwa lako," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona anajizuia kucheka. "Mimi nilikunong'oneza uage kwa heshima. Habari ya kwamba magodoro yake ni membamba kama chapati za hoteli uliongeza mwenyewe."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na kila haki. Mke wangu mwenyewe amenitumia mbele ya watu kama bomba la maji, anafungua anapotaka! Nikafungua mdomo nimkaripie.

"Umenifanyia ujanja," nikasema. "Umemwibia mlevi."

Akaweka blanketi chini.

"Baba Amolo, nimekuomba tuondoke hapa ukiwa timamu, nimekuomba ukiwa mzima, nimekuomba Krismasi, nimekuomba Amolo alipougua. Ulikuwa unawasha redio. Jana nimemwomba mlevi mara moja tu, akanisikia." Akageuka dirishani. "Unadhani nilifurahi? Nimekaa pale nyuma ya kiti chako nikiwaza, huyu ndiye mume wangu, na ili tuongee lazima kwanza aende Burma."

Mdomo wangu unaosifiwa Mbotela nzima ulikauka. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba pombe inaniharibia kazi, inanipotezea vyombo vya nyumba. Sikuwahi kufikiri kwamba mke wangu alijifunza kuihesabia mwendo wake, anajua ni chupa ya ngapi inayomletea mtu wa kuongea naye.

Nje honi ikapigwa. Nikachungulia. Lori la binamu ya Rispa, lile linaloleta mahindi na kurudi magharibi tupu kila Jumapili, lilikuwa limesimama mlangoni. Oketch, jicho moja limevimba, alikuwa tayari anapakia sofa yangu, akimuuliza dereva kwa nini anamwangalia.

Hapo simu yangu ikalia. Ni Kavutha. Spika ya simu yangu ilikwama ikiwa imewashwa siku nyingi zilizopita, kila anayenipigia anahutubia nyumba nzima.

"Okoth, sikiliza haraka," akasema. "Hirad yuko kwenye laini nyingine, ananisubiri. Amekasirika, lakini ni mtu wa haki. Anasema mwenye kulewa hana akili, na maneno ya asiye na akili hayahesabiwi. Kama jana ulikuwa umelewa, kesho unakuja kazini, unakubali mbele ya wafanyakazi wote kwamba ulikuwa umelewa, yamekwisha. Lakini kama ulikuwa timamu, basi umemtukana kwa kusudi, na usionekane tena kwenye stoo yake."

"Kavutha..."

"Mimi nilikuwa Burma, nimeona kila kitu. Lakini sitakusemea. Ameniambia nikuulize mwenyewe. Jana ulikuwa umelewa ama hukuwa?"

Mlango wa chumba ukafunguka. Khavere alikuwa amesimama pale, utepe mkononi, amekuja kupima dirisha la mwisho. Amesikia kila neno. Nyuma ya bega lake alikuwepo Elsie, ameshika mkono wa kijana wake kwa nguvu hadi vidole vimekuwa vyeupe.

"Eeh, mkwe," Khavere akasema taratibu. "Hata mimi ningependa kusikia jibu hilo."

"Okoth?" simu ikaita. "Tajiri anangoja."

Dereva wa lori akapiga honi tena.

Nikamgeukia Rispa. Nilimkazia macho, nikamsihi kwa uso wangu wote aninong'oneze neno moja, lolote lile.

Rispa alikunja mikono yake kifuani, akafunga mdomo, akanitazama tu.